Mtu Kando ya Mtaro

Nilisomea historia, na kwa miaka mingi nimewafundisha watoto wa watu habari za wafalme waliokufa. Kwa hiyo nilipojiunga na shahada ya uzamili ya kompyuta, ile inayowapokea watu ambao hawakusomea kompyuta, ndugu zangu walicheka hadi machozi. Darasani tulikuwa mchanganyiko wa ajabu: muuguzi, mhasibu wa kanisa, bwana mmoja aliyesomea kilimo cha muhogo. Tulisoma kwa mtandao, kila mtu kwake, na mtandao wa kwetu upande wa Moding huja unapotaka wenyewe. Muhula wa kwanza nililia mara nyingi, sioni haya kusema. Muhula wa pili nikaanza kupenda.

Kwa mradi wa mwisho nilichagua malori ya Malaba. Anayeijua Malaba anaijua foleni yake ya matrela, hiyo inayoanzia mpakani na kurudi nyuma hadi usione mwisho. Niliomba ruhusa kwa mama mwenye duka la vifaa vya ujenzi, nikafunga kamera juu ya paa lake, nikaandika programu ya kutazama video na kutambua kila kilicho barabarani. Ikiona lori, inalizungushia kisanduku chekundu na kuandika "lori". Ikiona pikipiki, inaandika "boda". Ikiona binadamu, inaandika "mtu". Hiyo tu. Lengo lilikuwa kujua foleni inasonga vipi.

Programu ilifanya kazi vizuri isipokuwa mahali pamoja. Kando ya mtaro, mkabala na duka, palikuwa na ardhi tupu iliyojaa vumbi na mafuta ya gari. Pale programu ilichora kisanduku kirefu, chembamba, na kuandika "mtu".

Hapakuwa na mtu. Nilikuza picha mpaka ikavunjika vipande, sikuona kitu. Mchana mmoja nilienda mwenyewe nikasimama pale, nikitafuta kivuli cha nguzo, bango, gunia, chochote cha kuidanganya kamera. Sikupata kitu, nikavuka barabara haraka.

Nilipajua mahali pale kabla ya kufunga kamera. Ndipo mdogo wangu, aliyekuwa akiendesha boda, alipobanwa na trela lililorudi nyuma bila kutazama, akafa. Sikuchagua duka lile kwa sababu yake. Ndilo lililokuwa na paa zuri. Nilijiambia hivyo, na nadhani ni kweli.

Nilimpigia msimamizi wangu wa mradi, kijana mpole wa Nairobi, nikamweleza kuhusu kisanduku. Habari za ndugu yangu sikumwambia.

"Hiyo ni error ya kawaida, madam," alisema. "Chukua picha zote za hapo, uziandike 'hakuna mtu', halafu uifundishe upya. Ukiwacha hivyo, panel ya watahini watakumaliza."

Nikafungua picha ya kwanza. Kazi yenyewe ni ya kubofya tu: unaonyesha mahali, unaandika "hakuna mtu", unaenda picha inayofuata. Nilikaa na kidole juu ya kitufe hadi chai ikapoa. Kisha nikaiacha video iendelee, na hapo nikaona jambo ambalo sikuwa nimeliona. Trela lilipoanza kurudi nyuma, kisanduku kilisogea kidogo kando, polepole, kama mtu anayepisha. Trela lilipopita, kikarudi mahali pake.

Mamangu alikuwa amesimama nyuma yangu na sinia la njugu. Sijui alikuwa hapo tangu lini.

"Hapo si ndio kwenye alianguka?" aliuliza.

"Ndio, Mama."

"Na hiyo imeandikwa nini?"

Sikuweza kumdanganya, kusoma anajua. Aliweka sinia chini, akaketi.

"Yaani hiyo machine inamuona, na sisi hatumuoni," alisema. "Bado amesimama hapo. Hatukumwita."

Kwetu, mtu akifia barabarani, watu wa nyumbani huenda asubuhi na tawi la mti lililokatwa uani kwake. Hufagia mahali alipoangukia, mamake humwita kwa jina, kisha tawi huburutwa hadi nyumbani ili alifuate. Njiani hamsalimu mtu, na hakuna anayegeuka nyuma. Anayegeuka humrudisha. Wakati ule Mama alikuwa amelazwa hospitalini, na baba mdogo, ambaye ni katekista, alisema misa inatosha. Hakuna aliyebishana naye.

Kuanzia siku hiyo Mama hakuniacha nifanye kazi peke yangu. Aliketi kando ya kompyuta, akikitazama kile kisanduku. Mvua ikinyesha Malaba, alishika kichwa. "Ananyeshewa," alisema. "Miguu inamuuma huyu." Chakula alikiacha. Nami nilikasirika, nilimkasirikia baba mdogo, nikaikasirikia na ile shahada. Nilimpenda ndugu yangu, lakini sikumtaka amesimama vile, mamangu akikauka mbele ya skrini.

"Twende tumchukue," nilisema hatimaye.

Tulienda sisi wawili. Madereva walitupigia honi, halafu mmoja akaona tawi, akazima injini. Mama alifagia vumbi, akamwita mwanawe kwa sauti ya kumwita mtoto aje kula. Kisha tukaanza kutembea, yeye mbele akiburuta tawi, mimi nyuma yake. Wauza ndizi walitutazama bila kutusalimu. Wanajua.

Mgongoni nilibeba mkoba, na kwenye mfuko wake wa wavu nilikuwa nimetia simu, kamera ikitazama tulikotoka, ikirekodi. Mama hakujua. Miezi ile yote nilikuwa nimefundishwa kwamba jambo lisilopimwa halijulikani, na nilitaka kujua. Mimi sikugeuka. Simu ndiyo iliyotazama nyuma, hadi tukaingia lango.

Wiki iliyofuata niliitazama video mpya ya Malaba. Kando ya mtaro hapakuwa na kisanduku. Sikuwa nimebadilisha hata mstari mmoja wa programu. Msimamizi alinipongeza, mradi ukapita, na baba mdogo akaniombea kanisani mbele ya watu wote.

Ikabaki ile video ya simu. Jumapili moja baada ya misa niliihamishia kwenye kompyuta, nikaielekeza kwa programu. Palibaki kubofya tu, nijue kama alitufuata. Uani Mama alikuwa na jirani, wakipeta wimbi, na mara nikamsikia akicheka. Nilikuwa nimesahau kwamba ana kicheko kikubwa vile.

Nikimwona nyuma yetu, nitaogopa, kisha nitashukuru. Lakini nikiona njia tupu, vumbi tu na alama ya tawi, nitatoka nje nimwambie nini?

Niliifuta video ile kabla hajamaliza kucheka.