Leseni ya Bwana Nahashon

Kasiva alikwangua chumvi kwenye mashamba ya chumvi ya Marereni, huko pwani, miaka kumi na mmoja, mpaka nyayo zikapasuka. Mwaka wa 1986 tuliachishwa kazi, yeye nasi wanawake wenzake tisa, tukalipwa kiinua mgongo siku moja. Chake alikusudia kununulia shamba. Chumba chake katika mtaa wetu wa Kisumu Ndogo kilikuwa cha kupanga, na hakuwa na mume wala mtoto wa kumtegemea uzeeni.

Wiki hiyo hiyo akatokea Nahashon, na suti yake na mkoba, akijiita mshauri wa fedha. Alikuja na barua ya kanisa kutoka bara. Kwetu sisi watu wa kuja, tuliotoka bara kutafuta kazi pwani, barua hiyo ikishasomwa mbele ya waumini na makofi yakapigwa, mgeni amekuwa ndugu. Barua husema mtu alibatizwa wapi. Haisemi kama anajua kutunza pesa za watu! Hilo halikumwingia yeyote akilini, mimi nikiwemo, na hadi leo nikikumbuka najichukia.

Zipporah, mmoja wetu sisi tisa na mwenyekiti wa akina mama kanisani, alimkaribisha kwake akamkaangia kuku, na sisi sote tukaitwa. Hapo Kasiva akauliza, "Bwana Nahashon, leseni yako ya kazi hii iko wapi?"

"Barua si ilisomwa?" akafoka Zipporah. "Unamtia mgeni wangu aibu!"

Nahashon akacheka, akataja ofisi moja ya Mombasa aliyodai ndiyo iliyomwajiri. Kesho yake Kasiva, mkaidi yule, akapanda basi akaenda kuuliza. Ofisi aliikuta, lakini Nahashon hawakumjua. Akarudi akatuambia. Tulimzomea. Zipporah alimwita mchawi mbele ya watoto, na sote tisa tukampa Nahashon pesa zetu.

Mwezi haukuisha, akatoweka.

Tulimwomba Kasiva radhi? Wapi! Tulimwendea mlangoni tumefura, Zipporah mbele.

"Wewe ulijuaje kabla yetu?" akapiga kelele. "Mlikuwa mnakula pamoja! Zako zimebakije nzima? Zitoe tugawane!"

Kasiva alisimama kizingitini, panga la kuni mkononi. Hata sauti hakuipandisha.

"Mimi nilimwuliza leseni. Nyinyi mlimwuliza kama chai imekolea sukari. Ondokeni kwangu."

Tukamtukana.