Nafasi ya Wa Tatu

Wanawake wa rika la Wa Tatu ukiwauliza, "Wewe ulikuwa wa ngapi?" hawatakuuliza una maana gani. Watakujibu papo hapo: wa pili, wa tano, wa kwanza. Atakayekwambia hakuwa na namba, jua alilelewa na watu wakali.

Wale Watano walikuwa kundi la muziki, vijana wa suruali nyeupe na viuno visivyo na mifupa, na hapakuwa na mtaa ambao wasichana watano hawakujipanga mstari kuwaiga. Kila msichana alichukua nafasi ya kijana mmoja akaishika kama shamba la urithi. Leo wasichana hao wana presha na wakwe, lakini wimbo ule ukipigwa kwenye sherehe wanavua viatu, na kila mmoja anakwenda kusimama mahali pake bila kuelekezwa.

Yeye alikuwa wa tatu, na jina likamganda. Mpaka leo wenzake wanamwita Wa Tatu.

Shida ni kwamba yule kijana wa tatu hasa, mwenye sauti nyembamba iliyopanda juu kabisa wimbo ukifika katikati, ndiye aliyeondoka. Kundi linang'aa, picha zao kila ukuta, siku moja akachukua begi lake akaenda na hakurudi. Wengine wanasema alikosana na wenzake, wengine wanasema anauza matairi. Wale wanne hawakutafuta mwingine. Waliendelea kucheza na pengo katikati, upana wa mtu mmoja, na kipande chake kikifika walinyamaza, watu wakakiimba wenyewe. Ndivyo ilivyo mpaka leo. Ingia benki, wimbo ufike pale, utamwona mtu mzima na tai yake anachezesha midomo.

"Na wewe katika watano wote ukamchagua huyo huyo," Wa Kwanza, shoga yake wa mstari ule, humwambia. "Damu iliitana."

Maana Wa Tatu naye ni kiguu na njia. Kazi yake ni kushona mapazia ya hoteli mpya. Rangi haijakauka, yeye yuko sakafuni na cherehani yake kati ya majora ya kitambaa, anakunja pindo la chini mara mbili ili pazia liwe na uzito, lishuke lisimame kama askari. Wageni wa kwanza wakiingia, yeye anatoka. Amelala vyumba ambavyo matajiri wanavilipia, ila alivilala kabla vitanda havijafika. Dirisha la kwake mwenyewe limezibwa na shuka na misumari miwili. Wanaume wawili walijaribu kumtuliza. Mmoja alichoka, mwingine alichokwa.

Binti yake alikuwa na miaka minne alipomwacha kwa Wa Kwanza, mwenye duka la dawa. "Wiki mbili tu, shoga." Kazi ikazaa kazi. Alituma ada, alituma viatu, na viatu vilifika vinabana kila mara, kwa sababu mguu aliokuwa akiukumbuka yeye ulishakua. Kuja alikuja, lakini hata kabla chai haijapoa alikuwa anatazama mlango.

Sasa binti alikuwa anaolewa Jumamosi, na aliomba kitu kimoja.

"Mama, nataka usimame kwenye mstari na wenzako. Halafu ubaki. Mpaka viti vikusanywe."

"Kwani nitaenda wapi?"

"Hilo wewe ndiye unayelijua."

Alhamisi simu ikalia. Msimamizi wa ujenzi, yule anayemwita Mama Mapazia.

"Kuna hoteli inafunguliwa wiki ijayo, fundi wao kakimbia. Nakutaka Jumamosi."

"Jumamosi namwozesha binti yangu."

"Ndoa si asubuhi? Gari litakupitia hapo hapo ukumbini saa tisa. Kama huwezi sema, yupo mwingine."

Hapana ni neno dogo, hata mtoto anayeota meno analiweza. Wa Tatu alilitafuta mdomoni hakuliona. Akasema, "Saa kumi."

Ijumaa hakukalika. Alifagia palipofagiliwa, alifunga begi akalifungua, akazunguka chumba kama kuku anayetafuta pa kutagia. Adhuhuri Wa Kwanza akamtumia video. Akaifungua: wanawake wanne sebuleni, wanafanya mazoezi, jasho linawatoka, matako yanafika kwenye mzunguko baada ya wenyewe. Na pale katikati, kati ya Wa Pili na Wa Nne, kiti cheupe cha plastiki.

Akapiga simu. "Ndiye mimi huyo? Kiti cha plastiki?"

"Kiti kizuri hicho. Hakitoroki."

"Shoga, mimi nakuja."

"Kuja unajua sana, sijakukosoa kuja. Hicho kiti tulikiweka kwenye harusi ya mtoto wa Wa Tano. Tukakiweka tena kwa Wa Pili. Mpaka sasa kimecheza kuliko wewe."

Hili hakuwa analijua. Alidhani wakimkosa wanasogeleana tu. "Si mngeweka mtu?"

"Nafasi ina mwenyewe," Wa Kwanza akasema, kwa sauti ile ile ya kumwambia mteja ameze mara tatu kwa siku. "Lakini kesho mwanao akitazama akaona kiti, usinipigie kuniuliza kwa nini analia."

Jumamosi alifika mapema, begi akalificha nyuma ya mlango wa ukumbi. Hakumwambia mtu habari za gari. Ukumbi walikodi mpaka saa kumi na moja, na tangu watu waingie yeye hakugusa kiti. Alipanga glasi zilizopangwa. Alikwenda kuulizia barafu. Alisimama mbele ya mapazia ya ukumbi, akayanyoosha kwa viganja, akasema aliyeyashona alikuwa na haraka ya kwenda kulewa.

"Mama, kaa," bibi harusi akamwambia akipita.

"Nakaa." Akaenda kutazama kama keki imewekwa juani.

Ilikaribia saa kumi wimbo ulipoanza. Ukumbi mzima ukaguna kwa raha. Viatu vikavuliwa. Wa Kwanza alitoka mezani amebeba kiti chake cha plastiki, macho mlangoni. Wa Tatu akamfikia, akamnyang'anya, akakisukumia ukutani, akasimama mahali pake.

Miguu haikusahau kitu. Kulia, kushoto, futa vumbi begani, geuka. Goti likalalamika, akalipuuza. Kisha kile kipande kikafika na ukumbi wote ukakiimba, wajomba, shangazi, mpiga picha, wote nyuso juu, macho wameyafumba, wanamwimbia aliyeondoka. Yeye amesimama pale pale penye pengo, na hakuna aliyemwona. Mmoja tu hakuimba. Bibi harusi alikuwa anamtazama mama yake, na macho yake yakashuka mpaka kwenye miguu, ambayo vidole vyake vilishageukia mlango.

Wimbo uliisha, honi ikalia nje.

Alivaa viatu huku anatembea. Alikuwa ameshalishika begi, binti alipotokea mlangoni, ameinua gauni kwa mikono miwili.

"Mama, pindo limefumuka. Nimekanyagwa."

"Muite aliyelishona."

"Kaondoka. Mafundi huondoka."

Wa Tatu alimtazama. Kisha akachomoa sindano kwenye ukosi wa blauzi, inakokaa siku zote na uzi wake, akakivuta kile kiti cha plastiki, akakaa, akaliweka pindo magotini.

Pindo likikanyagwa, kitambaa hujikunja na uzi huacha mikia. Hapa kitambaa kilikuwa kimenyooka, na nyuzi zimekatika moja moja, safi, kwa mkasi. Juu ya meza ya keki, mkasi mdogo wa utepe ulikuwa wazi. Aliinua uso. Binti alikuwa anaitazama feni ya dari kama hajawahi kuona feni.

Honi tena, mara hii ndefu.

"Kuna mtu anakuita nje," binti akasema.

"Nimesikia. Simama wima, usitikisike."

Alishona. Hatua ndogo ndogo za sindano, ambazo hakuna hoteli iliyowahi kuzipata kwake. Watu walikuja kuagana na bibi harusi pale pale alipo, wakiruka uzi. Mahali palipokatwa pakaisha. Akapaangalia, akaendelea mbele, kwenye pindo zima lisilo na kasoro, akawa analizunguka gauni. Simu ikaita ndani ya begi, ikanyamaza. Gari likanguruma nje, likaenda zake.

Mwenye ukumbi akaja anabebanisha viti.

"Mama, tunakusanya."

"Hiki kina mtu," akasema bila kuinua kichwa. Na chini ya kiti mguu wake wa kulia ulikuwa unakanyaga, unakanyaga, kama vile pana cherehani.