Ncha Iliyokuwa Ikining'inia

Fundi cherehani yule hata baada ya kustaafu hakuweza kuona uzi unaning'inia akaupita. Angekushika katikati ya salamu, akaukata uzi wa kola yako, ndipo akuulize habari za nyumbani. Tabia hiyo ndiyo iliyomponza.

Uani kwake kulikuwa na nyumba mbili: kubwa, aliyobaki nayo tangu mkewe afariki, na ndogo ng'ambo ya ua, iliyokuwa karakana yake ya kushonea. Binti yake aliporudi nyumbani na kazi ya kujibu simu za wateja kwa kompyuta, aliifanyia sebuleni mwa nyumba kubwa, penye kisanduku cha intaneti. Mzee alifurahi kupita kiasi. Alipika chai, alinyamaza wateja wakiongea, na simu ikikatika walimsengenya mteja pamoja mpaka mbavu ziwaume.

Kisha fundi wa mtandao akaja, akapitisha waya chini ya ua mpaka karakana na kufunga kisanduku cha pili huko. Binti akahamisha kompyuta, baadaye na kitanda. Hakuwa na ubaya. Alihitaji utulivu tu. Lakini mzee hakuweza tena kuzoea kupika chai ya mtu mmoja, na upweke ulimkaba hasa jioni.

Siku moja binti alipotoka kununua mahitaji, mzee alijipenyeza karakanani, akakaa pale ilipokuwa cherehani yake. Akaona kiwaya kifupi kimechomekwa kisandukuni upande mmoja, upande wa pili unaning'inia. Mkono haukungoja ruhusa. Akaichomeka ncha ile kwenye tundu tupu la kisanduku kile kile, akaondoka roho imetulia.

Binti aliporudi, mtandao ulikuwa umekufa nyumba zote mbili. Walizima, wakawasha, wapi! Akichomoa waya wa uani, sebule inafufuka. Akiurudisha, vyote vinakufa tena. Basi akarudi sebuleni na kompyuta yake. Mzee akaanza hata kuimba bafuni.

Tatizo lilikuwa barabara. Muuza gesi alipita dirishani akigonga mtungi wake, na wateja wakalalamika. Asubuhi moja binti aliweka simu chini, uso umemshuka.

"Baba, msimamizi anasema zile kelele zikisikika tena, kazi sina."

"Anatisha tu huyo."

"Hatishi, baba. Mwenzangu ameshafukuzwa."

Akampigia fundi wa mtandao, akaweka sauti ya juu ili wote wasikie.

"Dada, angalia kile kisanduku cha nyuma," fundi alisema. "Kuna waya ambao ncha zake zote mbili zimeingia humo humo? Ukiwepo, mawasiliano yanazunguka tu hapo mpaka yanasonga mtandao wote."

"Mimi sijachomeka kitu kama hicho."

"Basi nitakuja wiki ijayo."

Mzee akanywea. Kijiko alichokuwa akikorogea chai kilisimama. Hakuna aliyemshuku, na wiki nzima ya soga ilikuwa mbele yake, bure kabisa. Ila alimtazama binti yake akiinuka kufunga madirisha, moja baada ya jingine, na joto lote lile.

Akapiga moyo konde, akavuka ua, akaichomoa ncha. Aliporudi akauchomeka waya wa uani mwenyewe. Taa za kisanduku zikatulia.

"Baba! Umefanya nini?"

"Ile ncha ya pili, ni mimi niliyeichomeka. Ilikuwa inaning'inia."

Binti alicheka mpaka akafuta machozi. "Wewe na nyuzi zako!" Akamkumbatia, akabeba kompyuta, akavuka ua. Chai yake aliiacha nusu.

Jioni simu ya mzee ililia. Ulikuwa ujumbe wa binti, umeingia bila kukwama hata kidogo: "Asante baba, leo kazi imeenda safi. Nimechoka, nalala huku huku. Usiku mwema."

Mzee aliandika, "Chai ipo." Akafuta. Akaandika, "Lala salama, mama," akatuma, kisha akaenda kumwaga birika.