Nilivyorudi Kujifunza Kukagua Nyama

Mkuu wa idara yetu alitusomea barua Jumatatu asubuhi, walimu saba tukiwa tumezunguka meza na chai ikipoa. Bodi inayosimamia maafisa wa afya ya umma ilikuwa imebadilisha masharti ya kuithibitisha shahada yetu. Wanafunzi wangekaa nyanjani muhula mzima kabla ya kuhitimu, na kila mwalimu wa masomo ya vitendo alitakiwa awe amesajiliwa kama afisa. La sivyo, hatungepokea wanafunzi wapya.

Nilihisi masikio yakipata moto. Nilikuwa nimefundisha ukaguzi wa nyama katika chuo chetu cha Nyeri kwa miaka ishirini na nne, na sikuwa nimesajiliwa. Nilimaliza shahada ya kwanza nikaingia ya pili, nikatoka hapo nikashika chaki.

"Wenye hawajasajiliwa wako na njia mbili," mkuu alisema bila kumtazama mtu. "Waende nyanjani miezi mitatu kisha wafanye mtihani wa bodi, ama wawaachie wengine hayo masomo."

Jioni, nyumbani Tetu, nilimkuta mume wangu akiwakatia ng'ombe majani. Nilimwambia nitaacha. Mimi, mwenye miaka hamsini na mmoja, nikafanye mtihani pamoja na watoto niliowafundisha?

"Na ukiacha, hao wanafunzi watafundishwa na nani?" aliuliza, akaendelea kukata. Niliingia ndani kwa hasira, na kesho yake nikaandikisha jina langu kwa mkuu.

Nilipangiwa Mukurweini. Afisa wa kunisimamia alikuwa mwanafunzi wangu wa zamani, na nilimkumbuka vizuri, kwani nilimwangusha katika somo hilohilo la nyama hadi akarudia mtihani. Siku ya kwanza alinipa koti jeupe na buti za mpira. "Karibu, Mwalimu," alisema. Niliingoja kejeli. Haikuja.

Wiki ya pili aliniachia kisu kichinjioni. Kulikuwa kumepambazuka tu, na ng'ombe wa mfanyabiashara mmoja wa soko alikuwa ametundikwa. Nililitazama ini lake. Lilikuwa laini, jekundu lililokolea, kingo zake kali. Nikainua muhuri wa kuidhinisha nyama.

"Mwalimu, bado hujakata," afisa alininong'oneza.

Nilikata pale nilipokuwa nikiwaonyesha wanafunzi kwenye picha. Nilipobonyeza, minyoo miwili ikateleza kutoka kwenye mfereji wa nyongo, bapa kama majani ya chai.

"Mama, hiyo ini iko sawa!" mwenye ng'ombe alilalamika. "Si uangalie rangi yake? Ati unaitupa?"

"Rangi ni nzuri, baba," nilimjibu, "lakini tazama hapa ndani. Nyama yako utauza. Hili ini halitoki." Aliinama, akatazama, akakunja uso.

Baadaye tulikunywa chai kibandani mkabala na kichinjio. Nilimuuliza afisa kwa nini alianguka ule mtihani wangu, maana niliona kazi anaijua.

Alizungusha kikombe chake. "Uliuliza ini lenye minyoo linafanana aje. Nikaandika linaweza kuonekana zima kabisa kwa nje. Baba yangu alikuwa na bucha, nilikuwa nimeyaona mengi. Ukaweka alama ya kosa, ukaandika kando, 'Soma maelezo yako.'"

Maelezo hayo yalikuwa yangu. Niliyaandika kutoka kitabuni, na yalisema ini lenye minyoo huwa limevimba na si laini. Niliweka kikombe chini.

"Ulikuwa sahihi," nilisema. "Nisamehe."

"Ilipita, Mwalimu," alisema, na nadhani alimaanisha, akaagiza mandazi mengine.

Mtihani wa bodi niliufanya nimeketi nyuma ya binti niliyemfundisha mwaka uliotangulia. Aligeuka, akaniona, akageuka upesi kama aliyemkuta mzazi wake akilia. Nilipita, si kwa alama za kujivunia. Mwenzangu wa idara aliyefundisha ukaguzi wa maji alikataa kwenda nyanjani, akastaafu mapema. Tulimuaga kwa keki, naye hakuila.

Wakaguzi wa bodi walikuja mara mbili. Mara ya kwanza walituambia maabara yetu haitoshi. Mara ya pili walizunguka nusu siku, wakawauliza wanafunzi maswali, wakatia sahihi kuithibitisha shahada yetu. Waliokuwa karibu kuhitimu walichelewa muhula mmoja kwa ajili ya kwenda nyanjani, na wazazi kadhaa walinipigia simu kwa hasira. Sikuwalaumu. Wanafunzi wapya walipoingia walikuwa wachache kuliko zamani. Yale maelezo yangu niliyaandika upya kuanzia ukurasa wa kwanza, na kazi hiyo ilinichukua likizo nzima.