Sungura Weupe wa Baba

Mwaka ule tulikula bugali na ndagala, visamaki vya ziwa, mpaka jasho letu likanuka ndagala, maana nyama iliyokuwa nyumbani ilikuwa haichinjwi. Ilikuwa sungura za baba. Hata leo nikisikia harufu ya mkojo wa sungura, ule unaochoma macho, mate yananijaa mdomoni, na si ya tamaa.

Baba alilima bustani ya Mbelgiji mmoja hapa Uvira. Huyo akamupa dume jeupe, kubwa sana, lililohema na joto la ziwa kama mgonjwa. Baba akalitafutia kijike cha kijivu, kidogo lakini kigumu. Alitaka sungura ambaye mtaa wetu wa Kasenga haujapata kumuona: ukubwa na weupe wa dume, roho ngumu ya jike.

Watoto wakatoka wa kijivu wote. Mmoja, jike, nilimulea kwa majani ya viazi mpaka akanifuata kama kuku. Alipokomaa, baba akaniambia:

“Mupeleke kwa dume.”

“Dume gani, baba?”

“Iko mangapi hapa?”

“Lakini ni baba yake!”

“Ni nyama, weye. Damu irudi kwa damu, ndiyo mbegu inashika.”

Na huyo ni mtu ambaye hakukanyaga hata mkeka niliolalia! Kwetu baba hagusi kitanda cha binti yake, ni mwiko.

“Sipeleki binti kwa baba yake. Hata unipige.”

Alinipiga. Kisha akamupeleka mwenyewe.

Mwezi ulipopita nikachungulia kibandani. Vitu vyekundu, uchi kama funza. Viwili vilikuwa na taya zilizopinda, havikuweza kunyonya. Kimoja mama yake alikuwa anakitafuna kuanzia kichwani. Nikatapika palepale. Lakini vitatu vilikua vyeupe, vikubwa, na joto halikuvisumbua. Baba akavioza vyenyewe kwa vyenyewe, mpaka watu wa mtaa wa Kilibula wakaja kuomba mbegu yake.

Nilikuwa na wajukuu ndipo nikaelewa. Baba hakuwa na roho chafu. Alitaka kitu kimoja kitoke mkononi mwake, kisiwe cha bwana wake. Najivunia hilo, nalisema kanisani na sokoni. Lakini kuelewa hakuondoi kichefuchefu.

Juzi mjukuu wangu, anayefuga za kwake, akaniwekea jike mapajani.

“Koko, munisaidie kumupeleka kwa dume.”

“Hilo dume ni nani wake?”

Akacheka. “Si baba yake tu!”

“Sipeleki binti kwa baba yake. Hata unipige.”