Waya wa Bibi Mdogo

Kosa langu la kwanza katika kazi ya kupanga bei za umeme lilikuwa kuamini kwamba mita moja ni familia moja. Sikulisoma popote. Nililiandika mwenyewe, juu kabisa ya jedwali, kama jambo lisilohitaji kuulizwa, kisha nikahangaika kuhakikisha kwamba kila kilichofuata chini yake hakina dosari hata ya nukta.

Sikusomea fedha wala umeme. Nilimaliza kidato cha sita, chuo kikashindikana, nikajifunza mahesabu ya kompyuta kwa video za kwenye simu, nikiwa karani wa stoo katika duka la vifaa vya ujenzi Maili Moja, Kibaha. Mama mmoja aliyekuwa akijenga Kongowe, mteja wetu wa saruji, aliona jinsi nilivyoipanga ile stoo akaniuliza kama naweza kwenda kumsaidia ofisini. Ofisi yake ilikuwa ya ushauri. Kampuni zinazosambaza umeme vijijini zilimlipa azielekeze ziuze kwa bei gani, zisifilisike na wanakijiji wasirudi kwenye vibatari. Nilianza kwa kumchapia ripoti. Baadaye nikawa ndiye ninayeitengeneza bei yenyewe.

Wenzangu pale walikuwa na digrii. Mimi nilikuwa na hofu. Kazi niliyokwisha kuituma naifungua tena, naisoma kama imeandikwa na adui yangu. Bosi aliiita bidii. Haikuwa bidii. Nilikuwa naogopa siku watakayoniona sijui, waseme walijua tu.

Ndipo ikaja kazi ya kampuni moja yenye mtambo wa sola katika kijiji kimoja cha wilaya ya Kisarawe, kijiji cha mama yangu. Kampuni ilikuwa ikiwauzia wote kwa bei moja na inapata hasara. Bosi alinipa mimi kwa sababu, alisema, kule ni kwenu.

Nilipanga bei mbili. Mita inayotumia umeme kidogo kwa mwezi ilipe bei ya chini, kwa kuwa huyo ni maskini. Inayovuka kiwango ilipe bei ya juu, kwa kuwa huyo anajiweza, na anayejiweza ambebe maskini. Bosi aliisoma akatikisa kichwa kwa kuridhika. Kampuni ikaipokea. Nilifurahi mpaka nikajinunulia viatu.

Kinachonitesa ni kwamba nilijua. Katika ua wa bibi yangu mzaa mama kuna nyumba mbili zinazotazamana, yake na ya mdogo wake, ambaye sote tulimwita Bibi Mdogo. Mita ilikuwa moja, ukutani kwa Bibi. Kutoka hapo waya ulipita juu ya jiko la makuti ukaingia kwa Bibi Mdogo, na aliyepanda juu ya paa kuufunga, sikukuu moja ya Idi, ni mimi. Nusu ya kijiji waliishi hivyo. Kwetu kaa la moto halinyimwi. Jirani akija na kigae unamtilia makaa, hamhesabiani, na umeme ulipofika watu waliufanya uwe kama moto mwingine wowote. Nilipokaa mbele ya kompyuta sikuukumbuka ule waya hata kidogo. Nilikuwa nikitafuta makosa mahali ambapo wenye digrii wangeyatafuta.

Bibi aliniita mume wangu, kama bibi zetu wa Pwani wanavyowatania wajukuu, na Bibi Mdogo alidai haki yake kama mke mwenza. Nikiingia uani na mfuko wangu wa sukari ugomvi ulianza.

"Mume kaja kwangu leo," Bibi angesema. "Wewe ulikuwa naye Idi."

"Idi alikuja kula. Mapenzi alileta kwangu," Bibi Mdogo angejibu. "Na mtazame alivyokonda. Mimi nampikia kisamvu, wewe unampikia maneno."

Bibi Mdogo alikuwa mjane. Alikuwa na friji dogo aliloletewa na binti yake aliyeolewa Mlandizi, na mwezi wa Ramadhani aligandisha barafu za watu wa pale jirani. Baada ya swala ya Magharibi watoto walikaa barazani kwake, chini ya taa iliyotoka kwenye ule waya, akawasomesha Kurani. Sauti zao zilisikika mpaka barabarani.

Bei mpya ilipoanza, ua ule wenye nyumba mbili ulionekana kwenye mita kama tajiri mmoja. Mjomba, anayefanya kazi Soga na ndiye aliyekuwa akimnunulia Bibi umeme kwa simu, alianza kulalamika kwamba uniti zinaisha upesi. Bibi hakumwambia mdogo wake neno. Bibi Mdogo hakuambiwa, ila alisikia. Nilipokwenda kuwaona nilikuta friji liko wazi, ndani kumepangwa vyungu na ungo.

"Limestaafu," aliniambia Bibi Mdogo, akicheka. "Na mimi nimestaafu. Watoto nawasomesha alasiri, jua bado lipo."

Alasiri watoto wengi wako shambani au wanachota maji. Walikuwa wamebaki wachache.

Nilicheka naye. Nilirudi Kibaha nikafungua jedwali, nikautafuta ua wetu, nikaukuta kwenye safu ya wanaojiweza. Katika safu ya maskini kulikuwa na nyumba ya ghorofa ya mtu wa Dar anayekuja kulala wikiendi na kuondoka.

Mtu mwingine angemwendea bosi siku ileile. Mimi niliwaza tu atakavyonitazama. Nikatafuta njia ya kulirekebisha kosa bila mtu kujua kwamba ni kosa, nikaipata, na kwenye hesabu ilikuwa safi kabisa. Kila nyumba ikiwa na mita yake, zote mbili zinashuka kwenye bei ya chini. Nilitumia mshahara wangu kulipia mita ya pili. Nikafika pale asubuhi na fundi, na mita kwenye boksi, natabasamu kama mtu aliyebeba zawadi.

Bibi Mdogo aliitazama. Akamtazama dada yake, kisha mimi.

"Nani kagombana na nani?"

Nilieleza habari ya bei. Wala hawakunisikia. Katika kijiji kile ndugu wa ua mmoja hawatengi moto ila wamekosana, na wakitenga majirani huja kuwapatanisha. Sasa mimi nilikuwa nimeleta utengano na fundi wake, mchana kweupe, watu wanapita. Baadaye ndipo nilipoelewa kila mmoja alifikiri nini. Bibi alidhani mdogo wake amenituma, amechoka kuishi kwa kuombaomba. Bibi Mdogo alidhani dada yake amechoka na waya wake, akaona aibu kusema, akamtumia mjukuu. Wote wawili walikuwa na heshima mno, wasiweze kuulizana.

Fundi alipokata ule waya, Bibi Mdogo aliuzungusha taratibu mkononi, akanipa.

"Mume wetu katuletea talaka," alisema. "Tena kwenye boksi."

Fundi alicheka. Bibi hakucheka. Akaniuliza, kwa sauti ya chini, nani amepanga haya mambo. Alikuwa ananifungulia mlango wa kukiri. Nikasema, "Kampuni, Bibi. Kampuni ndiyo imepanga."

Kabla jua halijazama wazee wawili walikuja kuuliza ugomvi ni wa nini. Dada wale wakajibu hakuna ugomvi, kila mmoja akiwa mlangoni kwake. Haikuwahi kutokea hivyo. Wageni wote walikuwa wakikaribishwa kwenye mkeka mmoja.

Kabla ya Ramadhani binti wa Mlandizi alikuja kumchukua mama yake, akapumzike siku mbili tatu. Bibi Mdogo alikubali upesi, na Bibi hakumzuia. Mita mpya ilibaki ukutani, namba zake zimesimama. Siku zikawa miezi. Mimi nilijiambia atarudi, nikaendelea kukagua nukta zangu.

Alifia kulekule Mlandizi, kwa shinikizo la damu, akazikwa siku hiyohiyo kabla ya alasiri. Bibi alifika wakati maiti imekwisha kukafiniwa. Alitaka azikwe nyumbani, lakini alichelewa kusema, na wenye msiba walikuwa wameshachimba. Niliporudi kutoka makaburini nilimkuta kwenye mkeka, katikati ya wanawake, mikono yake haina la kufanya. Nilichuchumaa mbele yake. Nikamwambia kwamba bei niliipanga mimi, si kampuni. Kwamba hakuna aliyenituma kuleta ile mita. Kwamba mdogo wake hakusema neno baya juu yake, kilichowatenga ni kosa langu tu.

"Ungesema ni wewe, tungekucheka," alisema Bibi. "Tungekucheka wote wawili, yakaisha."

Aliomba maji ya kunywa, akageukia wanawake wenzake.

Jumatatu nilimweleza bosi. Alikasirika, hasa kwa kuchelewa kwangu, lakini hakunifukuza. Alinirudisha kijijini nikaanze upya, na kampuni ikabadilisha ile bei. Siku hizi, kabla sijafungua jedwali, naenda nyumba kwa nyumba kuuliza nyuma ya kila mita kuna majiko mangapi. Nikikosea nasema siku hiyohiyo, ingawa bado naogopa. Mita ya pili imeondolewa. Nikiingia uani na sukari yangu Bibi hupokea, hunikaribisha, huniuliza habari za kazi. Haniiti tena mume wangu. Ananiita mjukuu.