Safari Zangu za Sange, Nikiwa Nimelala

Watoto wote wa Bagira, mtaa wetu juu ya Ziwa Kivu, tulijua kwamba ukiamka alfajiri, macho yako wazi lakini mwili hausogei, sauti haitoki, na kifua kizito kama umelaliwa na ng'ombe, basi wanajeshi wameazima roho yako. Mchana walikamata wanaume barabarani wawabebee masanduku ya risasi. Usiku, wanaume wakiwa wamejificha, waliita roho za watoto. Roho yako ilibeba sanduku kichwani, ikashuka milima yote ile hadi Sange, mji wa mbali bondeni, bila viatu, kisha ikarudi mbio. Ukiamka kabla haijafika, unaganda. Aliyetuletea habari hiyo ni Bahati, niliyekaa naye dawati moja, na aliongeza neno lililoniondolea hamu ya ugali: jua likiikuta roho njiani, mwenyewe harudi tena.

Ilikuwa miaka ya vita. Risasi zikianza kulia, maman alikokota godoro hadi kwenye korido, mbali na madirisha, akatupanga chali watoto wote, tumebanana kama sambaza, dagaa wa ziwa letu, kwenye sahani. Korido ilinuka mafuta ya taa na miguu ya kaka zangu, miguu iliyotisha kuliko vita vyenyewe. Kulala ubavu kulihitaji kikao na makubaliano. Basi karibu kila alfajiri niliganda. Niliona kivuli mlangoni, nikasikia buti, nikapiga kelele za kutikisa Ziwa Kivu zima, na hakuna aliyesikia. Kulipokucha niliapa kwamba shingo inaniuma kwa mizigo. Kwa hesabu yangu, vita vile vilipiganwa kwa risasi nilizobeba mimi peke yangu.

Nikaamua kuacha kulala. Nilijifinya, nikatafuna pilipili, darasani nikasinzia nimesimama. Yaya Furaha, dada yangu mkubwa aliyelala ubavuni mwangu, alinibana siku moja tukiosha vyombo.

"Weye, juu ya nini hulalake?"

Nikamweleza yote, machozi yakidondokea sahani.

"Na Sange unafikaka saa ngapi?"

"Sijue, yaya. Miye nabebaka tu."

"Mubebaji gani, na ndoo ya maji ya maman inakushindaka!" Alicheka, kisha akaweka sahani chini. "Sikia. Ukiganda, acha kulia. Tafuta kidole mukubwa ya muguu. Ile moja tu. Ikicheza, roho imefika."

Jumapili moja baada ya misa milio ilianza mchana kweupe. Tukakimbilia korido, na usingizi wa wiki nzima ukanizoa. Nikaganda. Mwanga wa jua ulipita chini ya mlango, ukinisogelea sakafuni, nikajua leo Sange inanichukua kabisa. Nikasahau sauti, nikasahau mikono, nikaenda moja kwa moja kwenye kidole cha mguu, nikakisukuma kama watu wanavyosukuma lori lililokwama matopeni. Kikacheza! Mwili wote ukafunguka, nikaruka hata nikampiga kaka yangu kichwa, nikapaza sauti: "Nimerudi!" Nje walipiga risasi, ndani tulipiga makofi. Yaya Furaha alinipandisha mgongoni, akanizungusha humo humo koridoni akiimba, "Muheshimiwa amerudi!" na maman, ambaye hakuelewa chochote, akaitikia.

Tangu hapo hakuna kivuli kilichoniweza. Niliwafundisha kidole watoto wa mtaa mzima. Hata Bahati alikuja, kwa aibu, akavua kiatu.

Leo nalala kando ya dirisha, najigeuza mara mia bila kuomba ruhusa ya mtu, na wanangu wanatawanya miguu kitandani kama wafalme. Diploma yangu ya sekondari niliipata ukubwani, kwa masomo ya jioni, nimeketi kati ya mamans wa sokoni na mafundi wa pikipiki. Katika somo la biolojia nilisimama, kifua mbele, nikalisimulia darasa safari zangu. Wakacheka mpaka madawati yakalia. Mwalimu, binti ambaye wakati wa vita alikuwa bado mgongoni mwa mama yake, alingoja wanyamaze.

"Papa," akasema, "akili yako iliamuka mbele, mwili ukabakia mu usingizi, basi. Inafikiaka watu wengi, zaidi wenye kulala na woga. Hukubeba kitu. Sange hukufika hata siku moja. Ulikuwa mu korido ya kwenu, pembeni ya dada yako."